Sunburst na "Ave Africa": kwa nini roki ya Dar ilizimika na ya Zambia ikaacha albamu kibao?

#1 SautiYaUpanga

Wakuu, heshima kwenu.

Kila orodha ya roki ya Afrika ya miaka ya 70 ninayoisoma inaanza na Zambia, inapita Nigeria, inarudi Zambia. Tanzania tukibahatika tunapewa mstari mmoja, na mstari wenyewe ni Sunburst. Na hata hao Sunburst, albamu yao kamili, Ave Africa ya mwaka 1976, haikurekodiwa Dar. Ilirekodiwa Lusaka, bendi ikiwa imeshahamia huko.

Kwa wasiowafahamu: Sunburst ilianza Dar es Salaam mwaka 1970. Mwanzilishi alikuwa mpiga gitaa kutoka Kongo, Hembi Flory Kongo, na mwimbaji wao alikuwa James Mpungo. Walichanganya soul, fanki na roki ya gitaa lenye kukwaruza, halafu ngoma za kwetu zikapita katikati. Wakaupa mtindo wao jina, Kitoto, maana Bongo hii bendi bila mtindo haikuhesabiwa kuwa bendi. Kasikilizeni "Enzi za Utumwani". Nikiupiga wimbo ule nyumbani, watu wanauliza ni wa nchi gani. Nikisema ni watoto wa Dar, wananibishia.

Sasa hoja yangu. Naamini sera za utamaduni za wakati ule ndizo zilizoibana roki ya Dar ikakosa pumzi. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU walitangaza Operesheni Vijana: marufuku vimini, mawigi, suruali za kubana, kuanzia Januari 1969. Novemba mwaka huo huo, 1969, mkuu wa mkoa wa Pwani akapiga marufuku muziki wa soul jijini. Kijana mwenye gitaa la umeme na nywele ndefu angepumulia wapi?

Naomba tujadili. Nataka hasa kuwasikia waliokuwepo.

#2 Mzaramo_Halisi

Uzi wa maana. Navuta kigoda, nasubiri wazee.

#3 DogoWaMbezi

Mkuu, Sunburst si Wazambia hao? Nimewakuta kwenye orodha ya nyimbo za Zamrock, roki ya Zambia, kabisa.

#4 KandaMseto

Hapana dogo, usipotoshwe na orodha za mtandaoni. Bendi ni ya Dar, imekulia kwenye hoteli na kumbi za Dar, na imerekodi RTD, Redio Tanzania Dar es Salaam, kabla ya kwenda Lusaka. Ile santuri ya mkusanyiko iliyotolewa na lebo ya Strut ya London ina kichwa kinachosema rekodi zote za 1973 hadi 1976, na humo zimo santuri ndogo pamoja na rekodi za redio. Albamu ya Lusaka ni kipande cha mwisho cha safari yao. Anayeanzia hapo anadhani ndiyo safari yote.

#5 MzeeBugi

Salaam. Mimi nilikuwepo, kwa hiyo niseme.

SautiYaUpanga ametaja tarehe sawasawa, lakini amezipanga kama kesi mahakamani. Marufuku ya soul ni Novemba 1969. Sunburst imezaliwa 1970. Kama marufuku ilikuwa na meno kiasi hicho, imekuwaje bendi ikazaliwa mwaka uliofuata na kupiga muziki ule ule mjini pale pale? Ukweli ni kwamba katikati ya miaka ya 70 sisi vijana tulikuwa na bugi kila mwisho wa wiki. Bugi lilikuwa dansi la mchana, Jumamosi au Jumapili, la wanafunzi na vijana ambao wazazi wao wasingewaruhusu kutoka usiku. Giza likiingia unatakiwa uwe nyumbani, umeshavua suruali yako ya bugaluu, unasoma. Palikuwa na The Rifters, palikuwa na The Sparks, palikuwa na Barkeys, palikuwa na Afro 70 ya marehemu Patrick Balisidya. Kila mtaa ulikuwa na vijana wanaojifunza gitaa kwa kuiba nyimbo redioni.

Tofauti yake ni kwamba bendi nyingi za bugi zilikuwa za kopi. Unakwenda kuwasikia kwa sababu wamemnakili James Brown au Santana vizuri kuliko wenzao. Ushindani ulikuwa huo, nani anakopi sawasawa. Sunburst walikuwa wachache waliosema basi, sasa tupige ya kwetu. Bendi ya kopi haiachi albamu. Itarekodi nini?

Kwa hiyo msimtupie mkuu wa mkoa mzigo wote.

#6 DogoWaMbezi

Mzee shikamoo. Bugaluu zilikuwa pana kiasi gani?

#7 MzeeBugi

Marahaba. Pana kiasi cha kufagia barabara ya Uhuru ukiwa unatembea zako.

#8 FundiRedio_Ilala

Nimesoma kote, mnazungumzia sera, mnazungumzia kopi, hakuna aliyegusa vyombo. Nimetengeneza amplifaya maisha yangu yote na kazi nimerithi, kwa hiyo nitawaambia upande wa waya.

Dansi inaweza kupigwa kwa vyombo vya kawaida. Gitaa la solo, rithim na besi zikipita kwenye amplifaya moja moja, kipaza sauti kimoja cha mwimbaji, tumba na drams, watu wanacheza hadi asubuhi. Roki haikubali. Roki inataka sauti ya gitaa ivunjike kwa makusudi, na ile sauti unaipata ukiisukuma amplifaya ya valvu, zile taa za kioo za ndani, hadi mwisho, au ukiwa na pedali ya fuzz. Ukiisukuma hivyo kila wiki, valvu zinakufa, spika zinachanika. Valvu inanunuliwa kwa fedha za kigeni, na fedha za kigeni miaka ile zilikuwa kwa kibali. Kijana wa Upanga angeandika nini kwenye fomu ya kibali? "Naomba valvu ili gitaa langu lipige kelele zaidi"?

Sasa angalieni nani alikuwa na vyombo. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Polisi Jazz ya polisi. Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo cha Urafiki. Vijana Jazz chini ya umoja wa vijana. JKT walikuwa na yao. Baadaye Mlimani Park, iliyoanza 1978 na kuja kuwa chini ya shirika la jiji, DDC. Mwanamuziki huko alikuwa mwajiriwa, analipwa mshahara, chombo kikiharibika shirika linahangaika. Hakuna shirika la umma lililoanzisha bendi ya roki. Roki ilibaki kwa mwenye hoteli, na mwenye hoteli akibadili mawazo asubuhi, jioni bendi haina vyombo.

Mimi naona roki ya Dar ilikufa kwa kukosa vipuri. Hoja nyingine zote zije nyuma ya hiyo.

#9 KandaMseto

Fundi umenena. Ila Zambia nao hawakuwa wanatengeneza valvu. Wao walizipata wapi?

#10 BintiTazara

Hapo nidakie mimi. Baba alifanya kazi reli ya TAZARA, nimekulia Mbeya na ndugu zangu wengine wako Kapiri Mposhi na Kitwe.

Zambia walikuwa na shaba. Mwanzoni mwa miaka ya 70 kijana wa Copperbelt, ukanda wa migodi ya shaba, ambaye baba yake au kaka yake yuko mgodini alikuwa na uwezo wa kununua vitu ambavyo mwenzake wa Mbeya alivisikia tu. Miji ile ya migodi, Kitwe, Chingola, Ndola, ilikuwa na klabu za wachimbaji, kumbi za wazungu waliobaki na maduka ya santuri. Bendi ya WITCH walitokea Kitwe, hawakutokea hewani. Juu ya hapo Kaunda aliagiza redio ipige muziki wa Kizambia kwa asilimia 95. Vijana ambao mchana kutwa walikuwa wanasikiliza Uingereza na Marekani wakaambiwa tengenezeni wa kwenu, na fedha ya kununua gitaa ilikuwepo. Vitu viwili vikakutana.

Kwetu tulipata agizo la utamaduni bila shaba.

Reli yenyewe, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi New Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa mwaka 1976. Ni mwaka ule ule wa Ave Africa. Baba alikuwa akisimulia kwamba watu walipanda na kila kitu: mahindi, vitenge, redio, magitaa. Siwezi kusema Sunburst walipanda treni ile. Ninachosema ni kwamba ukiwa mwanamuziki wa Dar mwaka ule, Lusaka ilikuwa karibu kuliko ilivyowahi kuwa kabla yake.

#11 SautiYaUpanga

BintiTazara asante, hiyo ya shaba ni nzito. Lakini naona inanisaidia mimi. Serikali mbili zimetoa maagizo ya utamaduni. Moja imesema redio ipige muziki wa nyumbani, hata kama muziki huo wa nyumbani una gitaa la kukwaruza. Nyingine imesema muziki wa aina fulani usipigwe. La kwanza linafungua mlango, la pili linaufunga. MzeeBugi anasema bugi liliendelea, nakubali. Ila bugi ni la mchana na la kopi. Kijana anayejua muziki wake unatazamwa kwa jicho baya atakopi na kwenda zake nyumbani, hawezi kukaa chini atunge albamu.

#12 WaKanairo

Niaje wadau. Niko Nairobi, nimecheka kuona Tanzania na Zambia mnagawana urithi na mashine ilikuwa kwetu.

Santuri za ukanda huu zilikuwa zinatengenezwa wapi? Nairobi. Bendi za Bongo zilizotaka santuri zilipanda basi zikaja huku. Hata Wazambia walikuja. Musi-O-Tunya, bendi ya kina Rikki Ililonga, walikaa Nairobi na Wings of Africa ya 1975 ilirekodiwa huku. Yaani moja kati ya albamu kubwa za Zamrock ni mtoto wa Nairobi kwa kuzaliwa.

RTD walikuwa wanarekodi kwenye kanda, kanda inapigwa hewani, inarudishwa kabatini. Kwa dansi hiyo ilitosha kwa sababu bendi ilijaza ukumbi kila wiki, redio ikawa tangazo tu. Kwa roki haitoshi. Shabiki wa roki anataka kitu cha kushika, chenye picha mbele na majina ya nyimbo nyuma. Bila santuri huna albamu, una kipindi cha redio.

Halafu Februari 1977 Tanzania ikafunga mpaka na Kenya, na ukakaa umefungwa hadi 1983. Mnatafuta aliyeua? Angalieni Namanga.

#13 MzeeBugi

Hoja ya mpaka ni ya kweli kwa dansi, bendi nyingi ziliteseka. Lakini WaKanairo, Sunburst walikuwa wameshaondoka 1976. Mpaka uliwakuta hawapo.

#14 WaKanairo

Walioondoka ni Sunburst. Wale Rifters na wenzao waliobaki wangekuja kurekodi wapi baada ya hapo?

#15 MzeeBugi

Hapo sawa.

#16 DogoWaMbezi

Wakuu mnasahau mwanaroki mkubwa kuliko wote aliyezaliwa hapa. Freddie Mercury, Mji Mkongwe, 1946. Tufunge mjadala, Tanzania tumeongoza dunia.

#17 KandaMseto

Dogo wewe. Familia yake, ya Bulsara, iliondoka Zanzibar 1964, akiwa hajawahi kupiga roki hata ukumbi mmoja wa huku. Queen ni bendi ya London. Ukimuweka yeye kwenye uzi wa bendi za nyumbani, unawadhulumu waliobeba amplifaya mgongoni kutoka Kariakoo hadi ufukweni.

#18 Mzaramo_Halisi

Ila nyumba aliyoishi watalii wanaipiga picha kila siku. Mtaa ambao Sunburst walifanyia mazoezi, nani anaujua?

#19 Katangais_74

Ninaandika kutoka Lubumbashi. Hoja ya sera inanisumbua kidogo.

Kwetu Zaire ya Mobutu sera ya asili ilikuwa kali zaidi ya yenu. Watu walibadilishiwa majina, suti na tai zikaondolewa. Pamoja na hayo vijana wa Kinshasa walipata nafasi. Zaïko Langa Langa ilianza Desemba 1969, vijana wa shule na wa mitaa, wakaondoa vyombo vya kupuliza, wakaweka gitaa na drams mbele. Ukisikia drams ya Zaïko ya kwanza kwanza unasikia mtu aliyesikiliza roki na soul sana, ila hakuimba Kiingereza. Aliimba Kilingala na watu wa soko wakamwelewa.

Hembi Flory Kongo alitoka huku. Mimi nasikia hilo kwenye gitaa lake. Mkono wa kushoto ni wa rumba hata pale pedali inapolia. Labda ndiyo maana Sunburst walitofautiana na bendi za kopi za Dar. Walikuwa na mtu ambaye kwao kuchanganya lilikuwa jambo la kawaida.

Kwa hiyo mimi ningesema tatizo ni nani alikuwa anaimbiwa. Roki ya Dar iliimbiwa watoto wa sekondari wanaojua Kiingereza. Wangapi walikuwa hao mwaka 1973?

#20 BintiTazara

Katangais, lakini Wazambia waliimba Kiingereza sana na wakauza. WITCH karibu albamu zao zote za mwanzo ni Kiingereza.

#21 Katangais_74

Ndiyo, kwa sababu Zambia Kiingereza kilikuwa lugha rasmi ya taifa, na makabila ya Copperbelt ni mengi. Dar kulikuwa na Kiswahili, kila mtu anakielewa, kwa nini amsikilize anayeimba asichokielewa? Na angalieni Sunburst wenyewe. Nyimbo zinazoshika zaidi ni za Kiswahili: "Enzi za Utumwani", "Simba Anguruma".

#22 SautiYaUpanga

Hii hoja sikuitegemea. Yaani Kiswahili chetu kilikuwa na nguvu kiasi kwamba dansi ikajaza nafasi yote? Naitafakari. Lakini "Enzi za Utumwani" ni Kiswahili na ni roki, kwa hiyo njia ilikuwepo. Mbona hakuna walioifuata?

#23 Zamhead_Mbeya

Mmewataja WITCH juu juu, ngoja niwapange maana ndiyo kipimo tunachotumia.

Albamu zao ni Introduction, In the Past ya 1974, Lazy Bones!! ya 1975, Lukombo Vibes ya 1976, Including Janet ya 1977, kisha Movin' On ya 1980 na Kuomboka ya 1984. Saba. Za mwisho mbili ni karibu disko kabisa. Amanaz waliacha Africa ya 1975, moja tu, lakini mimi naiweka juu ya zote za WITCH. Ngozi Family ya Paul Ngozi, Day of Judgement 1976 na 45,000 Volts 1977, hiyo ni roki ngumu hasa, gitaa kama msumeno. Halafu Chrissy Zebby Tembo, My Ancestors, 1974.

Sasa weka Ave Africa kwenye rafu hiyo hiyo. Haionei haya. Kwa upande wa ngoma inawazidi wengi, kwa sababu wapigaji wa Sunburst hawakuiacha ngoma ikae nyuma kama kachumbari, waliiacha iongoze. Ngozi Family wanakupiga kwa nguvu. Sunburst wanakuzungusha.

Bahati mbaya hawa jamaa wa Zambia karibu wote wametangulia mbele ya haki, hata Jagari wa WITCH.

#24 KandaMseto

Zamhead rafu yako naikubali, ila rekebisha hilo la mwisho. Emanyeo Chanda, ndiye Jagari, yuko hai na anapiga. Alitoka WITCH 1977, akafundisha, baadaye akaenda kuchimba vito. WITCH imerudi naye mbele, ikatoa Zango mwaka 2023, iliyorekodiwa studio ile ile ya zamani ya dB pale Lusaka, na nyingine, Sogolo, mwaka 2025. Ni kweli kwamba wenzake wa kikosi cha kwanza hawapo tena. UKIMWI uliwafagia wanamuziki wengi mno wa kizazi kile, Zambia na kwetu pia.

#25 Zamhead_Mbeya

Hiyo ya Zango ninayo. Gitaa la kwanza tu linakwambia ni wale wale.

Na hapo ndipo ninapotaka mfike. Roki ya Zambia nayo ilikufa! Msiseme iliendelea kuwaka. Bei ya shaba ilianguka 1974 na 1975, fedha ikaisha, kanda za wizi zikajaa masokoni, disko likaingia. Mwaka 1980 ilikuwa imekwisha. Kichwa cha uzi kinawapa Zambia umri mrefu kuliko waliopata. Tofauti ni kwamba wao walikufa wakiwa wameacha santuri, na santuri zikasubiri wakusanyaji wa Ulaya na Marekani waje kuzikuta kwenye makabati. Sisi tulikufa bila kabati.

#26 FundiRedio_Ilala

Kabati tulikuwa nalo. La RTD.

#27 MzeeBugi

Niwape upande mwingine ambao vijana hamuuoni. Nani kasema ilikufa? Ilibadili shati.

The Revolutions walikuwa vijana wa soul na nyimbo za kigeni, wakipiga Simba Grill, Hoteli ya Kilimanjaro, wageni wamejaa. Hao ndio Kilimanjaro Band, Njenje mnaowajua harusini hadi leo. Yule anayekuimbia Kiswahili laini na ngoma za Tanga amepitia soul kabla yake. Balisidya na Afro 70, yule alianza kwa kugusa magharibi, akaleta kinanda cha umeme, akaingiza ladha ya Kigogo ya kwao Dodoma, akaenda Lagos kwenye FESTAC 1977, na akarekodi na Waswidi, kundi la Archimedes, albamu ya Bado Kijana. Sikiliza kinanda chake na gitaa lake, halafu uniambie hujasikia roki.

Kijana alifika umri wa kuoa, bugi likamshinda, akahitaji kipato cha kila mwezi. Kipato kilikuwa kwenye dansi. Akaingia dansi na vidole vyake vya roki. Nikiwasikia wapiga solo wa miaka ya 80 najua kabisa nani alilelewa na Hendrix na nani alilelewa na Franco. Mwingine amelelewa na wote wawili.

#28 SautiYaUpanga

Mzee, hii ni nzuri lakini inaniuma zaidi. Unaniambia roki ya Dar iko ndani ya nyimbo za watu wengine, haina jina lake. Zambia wana jina, Zamrock, duka lolote la santuri London au Los Angeles ukilitaja unaoneshwa sehemu. Sisi tuna vidole vya roki ndani ya dansi. Nani atavitafuta huko?

#29 MzeeBugi

Nyie. Mnatakiwa mvitafute nyie.

#30 Shangazi_Disko

Mbona mnapita kando ya disko? Zamhead kaligusa kwa Zambia, kwa Dar hakuna. Mimi nilikuwa binti mwishoni mwa miaka ya 70. Mwenye hoteli alipogundua kwamba mtu mmoja na mashine mbili za santuri anajaza ukumbi, mbona awalishe vijana sita wa bendi na amplifaya ambayo kila mara inakwenda kwa kina FundiRedio? Na sisi tulilipenda disko. Unasikia wimbo wenyewe, sauti yenyewe, siyo mtu anayekisia maneno ya Kiingereza. Yule mteja wa bendi ya kopi ndiye disko lilimchukua kwanza, kwa sababu alikuwa anafuata kopi, na disko lilimpa nakala halisi.

Bendi za dansi hazikuguswa kiasi kile kwa kuwa nyimbo zao hukuzipata kwa DJ. Kwa hiyo MzeeBugi na hoja yake ya kopi, mimi namuunga mkono, lakini naimalizia na disko.

#31 FundiRedio_Ilala

Mashine mbili za santuri nazo zilihitaji sindano kutoka nje. Ila sindano inaingia mfukoni, spika haiingii. Shangazi nakupa nusu.

#32 JoziYaNairobi

Kwa wanaouliza kama roki ya huku imekwisha: Duma, watu wawili wa Nairobi, Martin Kanja na Sam Karugu, walitoa albamu 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Kelele za chuma na mashine, si za kila sikio. Kanja, anayejiita Lord Spikeheart, akatoa The Adept mwaka 2024. Nairobi ina vijana wengi wa roki ngumu na panki. Hawakuhitaji kiwanda cha santuri wala kibali cha valvu, kompyuta inatosha.

#33 SautiYaUpanga

Asante. Duma nimewasikia, nilizima taa kabisa nikasikiliza. Kali. Lakini hao hawakujifunza kwa Sunburst hata kidogo, wamejifunza kwa intaneti. Ndiyo hasara ninayoizungumzia: kijana wa leo anaanza upya kabisa kama vile hapajawahi kuwa na mtu.

#34 WaKanairo

Hapo umegusa. Huku nako Matata walifika hadi Uingereza, Slim Ali na Hodi Boys kutoka Mombasa wanajaza kumbi, na vijana wa panki wa leo ukiwatajia hawawajui. Santuri tulikuwa nazo na bado tumesahau. Kwa hiyo labda hoja yangu ya santuri haitoshi peke yake.

#35 KandaMseto

Jambo moja ambalo hamjalijadili: je, Ave Africa ni roki kweli? Nauliza kwa nia njema. Nikiipiga kwa mashabiki wa fanki wanasema ni fanki. Wa dansi wanasema ni dansi la watoto wa shule. Ni sisi wa roki tunaoing'ang'ania.

#36 Zamhead_Mbeya

Sikiliza gitaa linavyoingia, linavyochelewa kidogo nyuma ya ngoma halafu linakwaruza. Mpigaji wa fanki angekata noti fupi fupi, hapo hapo. Huyu anaacha noti iishe yenyewe. Kwangu ni roki.

#37 Katangais_74

Kwangu ni rumba iliyokasirika.

#38 Shangazi_Disko

Kwangu inachezeka, basi.

#39 Ngarawa_Tanga

Habari za humu. Nimesoma tangu juu na nina swali la vitendo. Mjomba amefariki, alikuwa mpenzi wa muziki na aliwahi kuwa karibu na watu wa redio. Kwenye sanduku lake kuna kanda kubwa za rili, baadhi zina karatasi imeandikwa kwa kalamu ya wino "bugi" na mwaka 1974, nyingine hazina kitu. Hatuna mashine. Kuna jamaa mtaani ana rili ya zamani anasema nimpelekee apige tuone kilichomo. Nimpelekee?

#40 FundiRedio_Ilala

USIPIGE. Subiri kwanza.

Fungua boksi unuse. Ikinuka siki, kanda hiyo ni ya asetati na imeanza kuoza. Itenge na nyingine, maana harufu ile inaambukiza, na iwe ya kwanza kuhamishwa. Angalia pembeni mwa rili. Ukiona unga mweupe au madoa ya kijani ni ukungu, Tanga kuna unyevu, usiukung'ute ndani wala karibu na watoto. Usiweke juani hata kidogo ili "ikauke". Ziweke zimesimama kama vitabu, chumba kikavu, mbali na spika na mota yoyote, sumaku inafuta.

Mashine ya huyo jamaa yako ikiwa na vichwa vichafu au breki mbovu, itaitafuna kanda mara moja tu na hapo hakuna fundi atakayekusaidia. Kanda ya aina hiyo ikipigwa, ipigwe mara moja, na mara hiyo hiyo iwe inaingia kwenye kompyuta. Kwenye karatasi za redio huwa wanaandika kasi. Tafuta namba 7½ au 15, ni inchi kwa sekunde.

#41 Ngarawa_Tanga

Asante sana fundi. Nimenusa, moja ndiyo inanuka siki. Ni ile yenye "bugi". Namba naona 7½ na chini yake majina kama matatu, wino umefifia. La kwanza linaanza na R.

#42 MzeeBugi

Piga picha ya hiyo karatasi uiweke hapa, kwa mwanga wa dirishani, usitumie taa ya simu.

#43 SautiYaUpanga

Na nyuma ya karatasi pia. RTD walikuwa wanaandika nyuma.